Baridi ya Leipzig na Kuta za Mama Isara

Mtu wa Mbulu hafundishwi baridi. Juni na Julai, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Nou na kulala juu ya mashamba mpaka saa nne asubuhi, kila mtu huvaa alicho nacho: fulana, sweta, koti, kisha shuka juu ya vyote hivyo. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kwenda Kainam unazidi kuisikia baridi. Kwa hiyo nilipopata mwaliko wa kwenda Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, kukaa na walimu wenzangu wa ufundi wa ujenzi mwezi wa Januari, nyumbani hakuna aliyeshtuka. Walinipa ushauri tu, na ushauri wote ulikuwa wa nguo. Shangazi alinifumia soksi. Jirani mmoja aliyewahi kufika Norway alisisitiza kofia ya kufunika masikio. Mimi nikaenda mnadani, nikapekua marundo ya mitumba, nikapata koti zito la kijivu lenye manyoya kwenye kola. Ndani ya shingo palishonwa kitambaa kidogo chenye maandishi ya Kijerumani, kwamba lifuliwe kwa maji ya nyuzi 30. "Hilo ni la huko huko kwao, Mwalimu," muuzaji aliniambia. Nikalilipia, nikalirudisha kwao.

Hakuna aliyenitajia kuta.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee aliyevuka miaka themanini, fundi bomba mstaafu, anayeishi ghorofa ya tatu katika mtaa wa Südvorstadt. Ujanani alikuwa miongoni mwa Wajerumani wa Mashariki waliopelekwa Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya miaka ile, kimekaa ndani yake bila kuzeeka. Alipofungua mlango aliniona nimesimama na mabegi, nimeshaanza kuinama kidogo nimwamkie.

"Funga mlango kwanza, Mwalimu," akasema. "Tutaamkiana baadaye."

Nikafunga. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Sasa vua hilo koti, utaugua."

Nje ilikuwa nyuzi hasi 9. Yeye alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, na miguuni ndara. Nilivua koti, nikavua sweta, na baada ya kikombe cha chai nikawa natamani kuvua na fulana. Nimeishi miaka mingi nyanda za juu na sikuwahi kuona baridi ikiachwa mlangoni namna ile, kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Kwetu, ndani na nje ni hali moja. Tofauti ni kwamba ndani kuna giza. Asubuhi ya Julai unaweza kukaa sebuleni Mbulu mjini, kwenye kochi zuri lenye vitambaa, na bado pumzi yako ikaonekana mbele ya macho kama moshi. Wageni wakija tunawaonea huruma, tunawapa chai, na tunawaambia, "Ndiyo baridi yetu hiyo, mtazoea."

Kesho yake nilimwomba mzee anionyeshe nyumba kama fundi anavyomwonyesha fundi. Alifurahi sana. Jengo lake lilikuwa la mwanzoni mwa karne ya 20, la matofali, na alipofungua dirisha la sebuleni nikaweza kupima ukuta kwa mkono: karibu nusu mita. Dirisha lenyewe lilikuwa mawili. Fremu moja ya mbao upande wa nje na vioo vyake, fremu nyingine upande wa ndani na vioo vyake, na katikati nafasi ya upana wa kiganja, yenye hewa iliyotulia. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo siri ya blanketi na ndiyo siri ya manyoya ya kuku. Kwenye kona ya chumba kulikuwa bado na jiko la zamani la vigae, refu mpaka karibu na dari, ambalo familia zililisha makaa ya lignaiti, yale makaa ya kahawia yaliyochimbwa kusini mwa mji. Mzee alisema enzi za Ujerumani ya Mashariki, majira ya baridi, mji mzima ulinuka makaa hayo na theluji ilikuwa nyeusi kabla haijafika jioni. Sasa jiko ni pambo. Joto linakuja kwa maji ya moto ndani ya mabomba, nayo mabomba ndiyo yaliyomlisha yeye maisha yake yote.

"Unguja nilijifunza dirisha upya," aliniambia. "Huku dirisha linafukuza upepo. Kule dirisha linauita upepo, unakaa nao barazani. Fundi asiyejua upepo wa mahali hajui kitu."

Nilimwuliza kama aliwahi kufikiria kuhusu sisi wa bara, tulio kwenye nchi hiyo hiyo ya jua na tunalala na soksi. Akacheka. Alidhani Tanganyika yote ni joto. Wengi hudhani hivyo, hata Dar es Salaam.

Sikuwa Mswahili wa kwanza kuandika juu ya majira hayo ya baridi, na ilinipa moyo kulijua hilo. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890 na akaacha maandishi juu ya maisha yake kule. Selim bin Abakari, Mngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866, alifariki mwaka 1924 katika mji wa Jena, ambao kutoka Leipzig unafikika kwa treni bila kupoteza siku. Hao wote walikuwa watu wa pwani. Wao walikutana na kitu kigeni kabisa. Mimi nilikutana na kitu ninachokijua toka utotoni, ila kwa mara ya kwanza nikakiona kimepangiwa mkakati.

Mji wa Leipzig unatembeka kwa miguu, na wakati wa baridi unatembeka kwa namna yake. Januari jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kufikia saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama, kwa hiyo saa za mwanga ni chache na watu huzitumia kwa adabu. Katikati ya mji kuna njia zilizopita ndani ya majengo. Leipzig ni mji wa maonyesho ya biashara tangu zamani sana. Mfalme Maximilian aliupa hati ya upendeleo mwaka 1497. Wafanyabiashara walijenga nyua ndefu zenye mlango barabara hii na mlango mwingine barabara ya pili, ili mkokoteni uliojaa uingie, ushushe mzigo na utokee upande wa pili bila kugeuza farasi. Baadaye nyua hizo zikaezekwa vioo na zikawa vichochoro vya maduka. Mädlerpassage, iliyojengwa kati ya 1912 na 1914, ndiyo maarufu kuliko zote. Theluji inaanguka, na wewe unavuka mtaa mzima ukiwa mkavu. Mwanzoni nilifikiri ni anasa. Nilipoanza kuzitumia kama wenyeji, nikitoka kichochoro kimoja na kuingia kingine huku nikikimbia kidogo katikati, niliona kwamba mtu fulani, karne nyingi nyuma, aliufikiria mkokoteni, na mtembea kwa miguu akafaidi.

Paa la kanisa la Mtakatifu Thomas lilinifanya nisimame barabarani mpaka vidole vikafa ganzi. Huko Johann Sebastian Bach aliongoza kwaya kuanzia 1723 mpaka alipokufa 1750, na watu wengi huenda kwa ajili yake. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kenchi. Paa limesimama kwa mwinuko wa nyuzi 63, kali kiasi kwamba theluji haipati pa kukaa. Fundi wa kwetu ukimwambia apaue kwa nyuzi 63 atakuuliza kama unamjengea Mungu ngazi.

Ndani ya kanisa la Mtakatifu Nikolai, hatua chache kutoka hapo, nguzo nyeupe zinapanda na zikifika juu zinachanua makuti ya mtende. Mjenzi wake, Johann Carl Friedrich Dauthe, alizitengeneza hivyo mwishoni mwa karne ya 18. Nje theluji, ndani mitende ya chokaa. Mzee alikaa benchi la nyuma, kofia mapajani. Kutokea kanisa hili, Jumatatu ya Oktoba 9, 1989, watu wapatao 70,000 walitembea mjini wakiidai serikali yao uhuru, na mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. "Nilikuwepo," mzee alisema, na hakuongeza neno. Nikamweleza kwamba mwanzoni mwa Oktoba hiyo hiyo, ng'ambo ya ukuta, marathoni ya Berlin ilishindwa na Mtanzania, Alfredo Shahanga, jina ambalo Hanang halihitaji maelezo. Hakuwa analijua. Alishangaa, kisha akaniuliza kwa nini watu wa kwetu wanakimbia hivyo. Nikamwambia ni baridi, wanatafuta joto. Alichukua muda kujua kwamba natania.

Lakini stesheni ndiyo iliyonishika. Nilirudi pale mara nyingi kuliko safari zangu zilivyohitaji.

Mimi nimezaliwa mahali ambapo treni haikufika. Wajerumani waliipeleka reli kutoka Tanga mpaka Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaisogeza mpaka Arusha mwaka 1929, ikaishia hapo. Reli ya Kati ikapita kusini, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mbulu na Hanang tukabaki katikati ya reli mbili kama jembe lililosahaulika kati ya mashamba mawili. Stesheni kwangu ilikuwa ya Moshi, niliyoiona nikiwa kijana, tayari imenyamaza. Sasa nilisimama mbele ya jengo lenye uso wa mawe wa mita 298. Unatembea kando yake, unatembea, na bado ni jengo lile lile.

Lina milango mikuu miwili na kumbi mbili za kuingilia, zinazofanana kama pacha. Nilidhani ni mapambo. Mzee akanieleza: zamani Ujerumani ilikuwa himaya moja yenye falme ndani yake, na Leipzig ulikuwa katika ufalme wa Saxony, jirani kabisa na Prussia. Kila ufalme ulikuwa na shirika lake la reli. Walipokubaliana kujenga stesheni ya pamoja, hakuna aliyekubali kuingia kwa mlango wa mwenzake. Wasanifu William Lossow na Max Hans Kühne wakatatua ugomvi kwa kuchora kila kitu mara mbili: ukumbi wa magharibi wa Prussia, ukumbi wa mashariki wa Saxony, njia za treni 26, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Jiwe la msingi liliwekwa Novemba 1909 na la mwisho Desemba 1915. Tawala hizo mbili ziliendelea kuishi chini ya paa moja mpaka 1934. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa kijiji anaelewa kabisa jambo hili. Tofauti ni kwamba kwetu ugomvi wa namna hiyo huacha majengo mawili nusu, yasiyo na paa yote mawili. Wao ubishi wao uliwaachia jengo lililokamilika.

Tarehe hiyo ya Desemba 1915 ilinikaa kichwani. Wakati wanakata utepe Leipzig, vita vilikuwa vinawaka Afrika Mashariki, na miezi michache baadaye, Aprili 1916, jeshi la Jenerali Van Deventer lilishuka kutoka kaskazini, likapita Ufiome na kuichukua Kondoa. Utawala wa Kijerumani upande wetu ukaisha pale. Boma walilolijenga Mbulu likabaki kwa waliofuata.

Ukipita kumbi za kuingilia unapanda ngazi na kutokea kwenye ukumbi mkubwa unaokata mbele ya njia zote za treni, mita 267 kwa urefu, 33 kwa upana, na juu mita 27. Sasa, jambo hili nataka nilieleze polepole maana ndilo nililokwenda kulisoma. Ukumbi huo haupashwi moto. Upande mmoja uko wazi kwa majukwaa ya treni. Ukisimama humo Januari unajua kabisa kwamba ni Januari. Ila upepo umekatwa. Mawe ya pande tatu yanaukata, paa linazuia theluji, na mtu aliyevaa vya kutosha anaweza kungoja treni yake saa nzima bila kuteseka. Asiyevaa vya kutosha anashuka ghorofa za chini, ambako tangu 1997 kuna maduka na joto kamili, na hakuna anayemwuliza amenunua nini. Aliyepungukiwa zaidi ana chumba cha huduma ya makanisa, Bahnhofsmission, ambapo anapewa chai na mahali pa kukaa. Ngazi tatu za hifadhi, kila moja kwa hitaji lake. Nilikaa benchi, nikawatazama: wanafunzi na baiskeli, mwanamke wa Kisomali na watoto wake wanne, mlevi mmoja mpole, wafanyakazi wa usiku wanaorudi. Wote ni wasafiri, na jengo halikuwabagua.

Nikakumbuka stendi. Sitaitaja ni ipi, kwa sababu stendi nyingi za kwetu ni zile zile. Basi la Arusha linaondoka kabla ya alfajiri. Saa kumi usiku watu wameshafika, maana ukichelewa kiti kimekwenda: mama na mtoto aliyepewa rufaa, mwanafunzi na tranka lake, mzee na kuku. Upepo unashuka kutoka mlimani, hakuna ukuta wa kuukinga, kuna paa tu la bati juu ya nguzo nne. Tulijenga paa kwa ajili ya jua na mvua, kwa sababu ramani ilitoka mahali ambapo shida ni jua na mvua. Anayewaokoa watu ni mama wa chai, ambaye amefunga turubai upande wa upepo kwa kamba za katani. Yule mama ndiye msanifu pekee wa stendi ile.

Stesheni ya Leipzig nayo imepata yake. Julai 7, 1944, miaka kumi kamili kabla ya TANU kuzaliwa, ndege za Marekani ziliipiga mabomu, na paa la ukumbi huu mkubwa likaanguka. Ukarabati ulichukua muda mrefu, ukamalizika mwaka 1965, enzi ya serikali nyingine kabisa iliyokuwa na shida ya saruji na ya kila kitu. Wangeweza kuweka kibanda. Waliurudisha ukumbi ule ule, na mzee wangu alijifunza ubomba katika mji uliokuwa ukijirudisha hivyo.

Leipzig ulikuwa pia mji wa Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kibo mwaka 1889, akachukua jiwe na kulipeleka kwa Kaizari wake. Baadaye alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni hapo hapo, na hapo hapo akafa mwaka 1929. Mwingine, Fritz Jaeger, alizunguka nchi yetu hasa, nyanda za kreta kubwa na zile zinazozizunguka, mwaka 1906 na 1907, akaandika vitabu vizito. Niliwaza habari zao nikiwa nimekaa mahali penye joto. Walipima milima yetu mpaka mita ya mwisho. Walilala kwenye mahema yenye baridi, bila shaka, huku mita mia kadhaa kutoka hapo kukiwa na watu waliolala na joto bila koti, ndani ya ardhi.

Na hapa nafika nyumbani.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Mama Isara, nchi ya asili ya Wairaqw, katika nyumba iliyochimbwa. Wairaqw wa zamani walichagua mteremko, wakakata udongo kuelekea ndani ya kilima, wakasimamisha nguzo, wakalaza boriti, matawi na nyasi, kisha wakarudishia udongo juu. Ukitazama toka upande wa juu hukuona nyumba, uliona kilima. Mbuzi angeweza kupita juu ya paa akila majani. Wavamizi wa Kimasai waliokuja kuchukua ng'ombe waliweza kupita wasijue kwamba ng'ombe wako chini ya miguu yao. Mwingereza Henry Fosbrooke aliziandikia miaka ya 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akizihesabu miongoni mwa njia za kujihami, na hivyo ndivyo zinavyosimuliwa mpaka leo: handaki la vita.

Mimi ni mwalimu wa ujenzi, naona kitu kingine pia. Udongo wa kina cha mita moja au mbili hausikii baridi ya usiku mmoja. Unachelewa, na ukija kusikia asubuhi imeshafika. Ukuta wa nyuma ni kilima chenyewe, hakuna upepo unaopenya. Ng'ombe walilala humo humo, na ng'ombe ni jiko lisilohitaji kuni. Mlango ulikuwa mfupi na mmoja. Kila kitu mzee wa Südvorstadt alichonionyesha, ukuta mzito, hewa iliyotulia, mlango unaofungwa kabla ya salamu, bibi alikuwa nacho kwa namna yake, bila kioo hata kimoja.

Sisemi maisha yale yalikuwa mazuri. Moshi uliharibu macho na vifua. Viroboto. Giza la mchana. Bibi mwenyewe hakuwahi kusema anaitamani. Aliposikia bati likigongwa na mvua kwenye nyumba mpya ya mwanawe alisema hiyo ndiyo sauti ya maendeleo, akajifunika mablanketi mawili. Uvamizi ulipokoma watu walitoka kwenye mashimo, wakasambaa Mbulu yote, Karatu, Hanang. Miaka ya 1970 vijiji vya Ujamaa vikatupanga barabarani. Sababu ya kuchimba ilikuwa vita, basi vita vilipokwisha tukaacha na uchimbaji. Baridi, ambayo haikuwa na mkataba wa amani na mtu yeyote, ikabaki.

Tukaezeka bati la geji 30, ambalo unene wake haufiki nusu milimita. Tukajenga ukuta wa tofali moja. Madirisha tukayapanua kama ya Dar es Salaam kwa sababu picha za nyumba nzuri zilitoka Dar es Salaam, tena siku hizi ya aluminiamu yenye kioo kimoja. Wengi hawaweki dari. Dari huonekana ni urembo wa kuja kuwekwa baadaye, pesa ikipatikana, na pesa ikipatikana inanunua kochi. Usiku bati linatoa joto lote kwenda angani na asubuhi linadondosha jasho lake juu ya kitanda. Kisha tunakwenda mnadani kununua koti la Mjerumani, la kuvaa ndani ya nyumba. Yeye mwenyewe alilivaa barabarani tu.

Niliporudi nililipeleka jambo hili darasani. Nilinunua vipimajoto viwili vya bei nafuu, tukaning'iniza kimoja nje na kingine ndani ya bweni, na vijana wakaandika namba alfajiri kwa wiki kadhaa za Julai. Asubuhi nyingi namba zilikuwa zinakaribiana mno. Hapo sikuhitaji kuhubiri. Tulijenga chumba kidogo cha mfano nyuma ya karakana: matofali ya udongo wa kushindilia, ukuta wa inchi kumi na nane, dari ya mbao yenye pumba za mpunga juu yake, mlango ukitazama upande usio na upepo na kibaraza kidogo chenye mlango wa pili. Sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma tuliiegemeza kwenye mteremko, kama Mama Isara. Kikawa na tofauti unayoisikia usoni ukiingia. Wapishi wa shule wakaanza kukitumia kuumulia unga wa maandazi, na nikakubali kwamba hiyo ni ripoti ya utafiti inayotosha.

Ndipo kijana mmoja kutoka Hanang aliponyoosha mkono. Nyumbani kwao ni chini ya mlima, na Desemba 3, 2023 alikuwa likizo. Sehemu ya mlima iliyolowa maji iliporomoka siku ile, ikageuka tope, ikabeba mawe na magogo, ikapita Gendabi na Jorodom na kuingia mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. "Mwalimu," alisema, "wewe unatuambia turudi kuegemea mlima. Mlima wenyewe ukija?"

Darasa lilinyamaza, na mimi nikanyamaza nao, maana hilo Leipzig hawakunifundisha. Mji wao uko kwenye tambarare. Hanang ni mita 3,400 za majivu na mawe ya volkano, na nyumba ya bibi ilikuwa kwenye kilima kingine, chenye udongo mwingine, na miti ambayo leo haipo. Nilimjibu kwamba chini ya Hanang hatuegemei kitu. Kule ukuta mzito unasimama peke yake, mbali na makorongo, na joto tunalitafuta kwa dari na mlango. Kwingine, kabla ya kukata udongo, tunauliza maji yanapita wapi mvua ikiwa kubwa kuliko zote ambazo wazee wanazikumbuka.

Alibaki amesimama. "Na chumba chetu hiki cha nyuma ya karakana, tuliuliza?"

Tukatoka nje wote, na pima maji na kamba, tukaanza kuchora mfereji.